SOMO: Kupimwa Utumbo Mpana, Macho au Usingizini?

Mama mmoja wa kikundi chetu aliona damu chooni. Hospitalini aliambiwa apimwe kwa mpira wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa, na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Hakuwa na mtu, basi akakaa tu. Damu hiyo yaweza kuwa bawasiri, yaweza kuwa saratani. Tujifunze njia tatu.

1. Bila dawa. Mpira ukijikunja tumboni, mgonjwa anasema anaumia. Daktari anaurudisha nyuma kuunyoosha. Anajigeuza akiambiwa, na akimaliza anaenda zake.

2. Dawa ya kutuliza, kama midazolamu. Anasinzia, lakini akiitwa anaitika.

3. Usingizi mzito, kama wa propofoli. Hasikii maumivu, lakini hasemi wala hajigeuzi, wauguzi humgeuza. Lazima awepo mtu aliyefunzwa, wa kuangalia pumzi na moyo tu.

Baada ya njia ya 2 au 3, asindikizwe, na asiendeshe gari wala baiskeli kwa saa 24.

Tumuulize daktari mapema: "Naweza kupimwa nikiwa macho?"

Tujadiliane: Kikundini mwetu, nani atamsindikiza mama huyu?