Ukiandamwa kwa Ulichosema: Jitetee kwa Saa na Maandishi

Mwananchi wa Nanyala anayesimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuhoji mapato na matumizi hatendi kosa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 287, inautambua mkutano huo kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Kiongozi akikasirika na kutaka kulipiza, kitakachokuokoa ni kumbukumbu zako.

Kabla ya kusema. Shika stakabadhi au nakala ya tangazo la ubaoni. Hakikisha hoja yako imeingia kwenye muhtasari. Kwenye simu, usisambaze usichokihakiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo.

Ukikamatwa. Usipambane. Uliza kosa lako, tazama saa, mjulishe ndugu uko kituo gani. Kwa makosa ya kawaida, polisi wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24 au wakupe dhamana, nayo hailipiwi. Usisaini maelezo usiyoyasoma.

Akiamuru ukamatwe mkuu wa wilaya au mkoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa saa 48 tu za kukushikilia, na lazima aandike sababu. Saa zikiisha hujafikishwa kwa hakimu, unaachiwa, wala hawezi kuamuru ukamatwe tena kwa jambo lilelile. Ndiyo maana ndugu aandike saa uliyochukuliwa na jina la aliyekuchukua.

Ukiwa mtumishi. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inakukinga usifukuzwe wala kunyanyaswa, mradi taarifa uipeleke kwa mamlaka husika. Ukiitupa kwenye kundi la WhatsApp, usitegemee kinga hiyo.

Ukishaachiwa. Tafuta msaada wa kisheria, kisha andikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kulalamika huko ni bure. Ibara ya 30(3) ya Katiba inakuruhusu kwenda Mahakama Kuu. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba kulazimisha kibali cha polisi kwa mikutano kunavunja Katiba. Leo anayeitisha mkutano wa hadhara anatoa taarifa polisi saa 48 kabla.

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, nayo inapokea mashauri ya wananchi, ila ndani ya miezi miwili tu tangu tukio. Kwa hiyo anza kuandika siku hiyohiyo unapotoka.