Nani Alimwinda Chura wa Kihansi?

Mwaka jana nikiwa TP nilipangiwa kidato cha pili, somo la Biolojia. Kipindi cha viumbe walio hatarini kutoweka nilikiandaa kweli kweli, yaani mpaka andalio la somo nililipigia mistari kwa peni za rangi. Ubaoni nikaandika sababu zilezile nilizoandikiwa mimi nilipokuwa shule: ujangili, kukata misitu, uchafuzi. Mifano yangu ilikuwa faru na tembo. Wanafunzi wakanakili kimya, hadi binti mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, na yule chura wa Kihansi, nani alimwinda?"

Nikamjibu, "Swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho." Wenzangu wa elimu mnajua jibu hilo huwa lina maana gani.

Usiku ule nilikaa nikasoma. Chura huyu hakuwindwa na mtu yeyote. Ni mdogo, hafiki sentimita 3, ana rangi ya manjano, na badala ya kutaga mayai kama vyura wengi, anazaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu, kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, mahali ambapo manyunyu ya maporomoko yalilowesha majani usiku na mchana. Hekta 2! Viwanja vitatu vya mpira havitoshei.

Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Kituo cha Kihansi kina uwezo wa megawati 180, na ili mitambo izunguke, sehemu kubwa ya maji, takriban asilimia 90, ilielekezwa kwenye mahandaki. Maporomoko yakakauka, na manyunyu nayo yakaisha. Kwa hiyo sababu iliyomponza haimo katika orodha yangu ya ubaoni: alikuwa na sehemu moja tu ya kuishi, na sehemu hiyo tulikuwa na haja nayo ya haki kabisa. Umeme ule unaingia kwenye gridi ya taifa, na mimi nilikuwa nasoma habari zake kwa taa ya umeme.

Juhudi za kumwokoa ndizo zilizonifundisha zaidi. Mwaka 2000 vyura kama 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Huku korongoni vikafungwa vinyunyizio vya kuiga manyunyu ya zamani, na vyura wakaongezeka tena hadi maelfu. Ukisikia hapo unaona kazi imekwisha. Lakini mwaka 2003 wakaanza kufa ghafla, na ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ngozi ya vyura ukakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Hata wale wa Marekani kuna wakati walipungua hadi chini ya 100, kabla watunzaji hawajajua namna ya kuwalea.

Waliobaki ndio wazazi wa hawa wa leo. Mwaka 2010 vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Wanarudi mahali ambapo manyunyu bado yanatoka kwenye mabomba. Wapo wanaocheka vijiweni kwamba nchi inahangaika na vyura wakati watu wana shida. Mimi siwacheki wao. Nasema tu kwamba swali la nani anaishi kwenye korongo lile lingeulizwa kabla zege halijamwagwa, gharama ingekuwa ndogo kuliko kusafirisha vyura kwa ndege kwenda na kurudi.

Kipindi kilichofuata nikafuta ile orodha, nikawasimulia. Kijana mmoja akasimama akasema kijijini kwao hakuna umeme, kwa hiyo yeye yuko upande wa bwawa. Darasa likampigia makofi, na mimi sikumkatisha. Yule binti akangoja makofi yaishe.

"Mwalimu, hivyo vinyunyizio vikiziba, nani anaenda kuvizibua?"

Nikaliandika swali lake kwenye andalio la somo, pale panapoandikwa tathmini.