Harim ya Mto: Ardhi Ambayo Hata Msikiti Haujengwi



Ndugu zangu wanafunzi, katika fiqhi ya miamala kuna mlango ambao wengi wetu tunausoma ili tufaulu mtihani tu: mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ihyaul-mawat. Msingi wake ni Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) yenye maana kwamba mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo huwa yake. Hapa Uganda nimewasikia Waislamu wakiitegemea Hadithi hii wanapolima, kufyatua matofali au kujenga nyumba ukingoni mwa mto. Husema kwamba palikuwa pori lisilo na mwenyewe, nao wamepahuisha. Je, hoja hiyo inasimama?

Haisimami. Mafakihi wameweka sharti kwamba ardhi inayohuishwa isiwe harim ya kitu kingine. Neno harim lina asili moja na neno haramu. Ni eneo la pembeni linalolindwa kwa sababu kitu kilicho katikati hakikamilishi manufaa yake bila eneo hilo. Kisima kina harim yake: mahali pa kusimama mchotaji na pa kunywesha mifugo. Mto nao una harim yake. Kwa hiyo ukingo wa mto hauhesabiwi kuwa ardhi iliyokufa, hata kama umejaa matete na hakuna aliyewahi kuulima.

Imam Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, amelieleza jambo hili katika Tuhfatul-Muhtaj, sherehe yake ya Minhaj ya Imam Nawawi. Yeye ni mzaliwa wa Misri, na mto alioutolea mfano ni Nile. Anasema kwamba harim ya mto ni kiasi kinachohitajika ili watu wanufaike nao kikamilifu, pamoja na mahali pa kuweka tope linalotolewa mto unaposafishwa. Hapo si halali kujenga, hata ukiwa msikiti, na kilichojengwa kinabomolewa. Amenukuu kwamba maimamu wa madhehebu manne wameafikiana juu ya hilo. Kisha analalamika kwamba uovu huo umeenea mno, wanazuoni wametunga vitabu kuukemea, na watu hawakukoma. Mmoja wa wanazuoni hao ni Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, ambaye aliandika risala nzima kuhusu kuzuia ujenzi wa ukingoni mwa mto.

Tuzingatie maneno "hata ukiwa msikiti". Nia njema haibadilishi hukumu ya mahali. Muumini akitupa kiwanja cha ukingoni kama sadaka ili tujenge msikiti au madrasa, tutamshukuru na kumwombea dua, lakini hatutajenga. Hakumiliki alichokitoa.

Sasa tujiulize kipimo. Wanazuoni wa Kihanafi wametaja vipimo: kwa Abu Yusuf ni nusu ya upana wa mto kila upande, na kwa Muhammad bin al-Hasan ni upana wote kila upande. Madhehebu yetu ya Shafii yameiachia haja na ada ya mahali. Hapa ndipo sheria ya nchi inapoingia. Kanuni za mwaka 2000 za kusimamia ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimetenga mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine, kuanzia alama ya juu kabisa ambayo maji hufika. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 nayo inasema kwamba mito na maziwa ya asili yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kwa lugha yetu, hiyo ni amana.

Kwa uelewa wangu, vipimo hivi ni namna ya kuikadiria ile haja iliyotajwa na mafakihi. Hata suala la alama ya juu linakubaliana na fiqhi. Ibn Hajar ametaja kwamba maji yakirudi nyuma, ukingo hautoki katika hukumu yake, kwa kuwa yanaweza kurejea.

Na maji hurejea. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha upande wa Mlima Elgon, na mito Nabuyonga na Namatala ikafurika hapa Mbale. Zaidi ya watu 20 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mvua ni qadari ya Mwenyezi Mungu, lakini njia ya maji tunaiharibu sisi. Mizizi ya miti na matete hushika udongo, na nyasi hupunguza mwendo wa maji na kuchuja tope. Mahindi yakilimwa mpaka ukingoni, udongo huporomoka mtoni, kina kinapungua, na maji yakizidi yanatafuta njia majumbani. Tope hilo haliishii hapa. Maji ya Manafwa huingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga, kisha Nile, ule ule aliouandikia Ibn Hajar.

Mtu atauliza: na maskini asiye na shamba jingine? Swali hili ni la haki. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kulinda hima, yaani malisho yaliyotengwa, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Tunajifunza kwamba ulinzi wa mali ya umma huanza kwa mwenye nguvu. Anayechimba mchanga kwa malori azuiwe kabla ya mjane mwenye matuta mawili ya viazi. Mjane naye atafutiwe ardhi nyingine, na hapo ndipo zaka na wakfu zetu zina kazi. Lakini kumwacha ukingoni si kumhurumia, kwa kuwa mafuriko yataanza na yeye. Kanuni ya fiqhi inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Napendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu. Kwanza, kabla ya kupokea kiwanja cha wakfu kilicho karibu na mto, twende na futi kamba tupime kutoka alama ya juu ya maji. Pili, tuwaombe maimamu wetu walitaje neno harim katika khutba, kwani muumini anayeogopa kula mali ya yatima ataogopa pia kula ukingo wa mto akijua hukumu yake. Tatu, tukiona misikiti yetu wenyewe imeingia ndani ya harim, tuanze mazungumzo na wazee kwa adabu kuhusu kuihamisha. Hili ni zito, lakini tusilinyamazie kwa sababu jengo ni letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana yake.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.