Mwanga, Ngozi na Kitambaa

Desturi ya kuwapima watu ili kujua rangi za nguo na vipodozi zinazowafaa ilienea sana baada ya mwaka 1980, Carole Jackson wa Marekani alipochapisha kitabu chake Color Me Beautiful. Mpimaji huweka vitambaa vya rangi mbalimbali chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine, kisha humpanga mtu katika mojawapo ya majira manne ya nchi za baridi. Mkazi wa Moshono, mashariki ya mji wa Arusha, hujua masika, kiangazi na vuli. Lakini jina si tatizo. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo ulitegemea sana tofauti za nywele na macho, ambazo Afrika Mashariki ni chache. Tofauti za ngozi ndizo nyingi. Mwaka 2017 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha vipimo vya ngozi za watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, na weusi wao ulikuwa wa madaraja mengi mno.

Hata hivyo, kipimo cha kitambaa kina msingi wa kisayansi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilionekana zimefifia. Chevreul alizikuta hazina kasoro yoyote. Ni rangi zilizokaa kando yake zilizolibadilishia jicho ule weusi. Maelezo yake yalitoka mwaka 1839. Kwa njia hiyo hiyo, kitambaa cheupe pepe hufanya uso ulio juu yake uonekane mweusi zaidi, na cheusi hufanya kinyume.

Nguvu hiyo hupungua kadiri kitambaa kinavyokuwa mbali na uso. Kwa hiyo aliyekwisha kupimwa hana haja ya kugawa nguo zake zote. Sketi haina hatia. Mtandio, kola au kilemba chenye rangi inayofaa chatosha, na gharama yake ni ndogo.

Mwanga nao huhadaa. Vitenge viwili vinavyofanana chini ya taa ya mrija dukani vyaweza kutofautiana juani, maana taa hiyo hutoa baadhi ya rangi kwa wingi na nyingine kwa uchache, na kila dawa ya kutilia rangi hunyonya mwanga kwa namna yake. Chini ya migomba ya Moshono mwanga huwa wa kijani. Kamera ya simu, kwa upande wake, hurekebisha rangi yenyewe bila kuulizwa. Kipimo kilichofanywa katika hali hizo yafaa kirudiwe.

Katika vipodozi kosa huwa ghali zaidi. Faundesheni nyingi zina dioksidi ya titani, unga mweupe unaotawanya mwanga. Ukipakwa juu ya ngozi nyeusi huleta ukijivu, kama moshi wa jikoni unavyoonekana wa samawati mbele ya msitu wa Mlima Meru. Kinachotakiwa ni faundesheni yenye oksidi za chuma kwa wingi, ambazo ndizo pia huupa udongo wekundu wake.

Wapo wanaogeuza hesabu: poda isipolingana na uso, huubadili uso kwa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Tena ngozi iliyochubuliwa huwa na mabaka, wala hakuna faundesheni moja itakayolingana nayo.

Faundesheni isijaribiwe mgongoni mwa mkono, kwa kuwa mkono na uso mara nyingi havina rangi moja. Ipakwe kidogo kwenye taya, iachwe ikauke, kisha mnunuzi atoke nje ya duka, asimame kivulini penye uwazi, mbali na migomba na kuta zenye rangi, na kutazama kama mstari kati ya taya na shingo bado unaonekana.