Mashine Ikishafika Kliniki

Mwuzaji wa programu za hospitali akija ofisini kwako na kompyuta yake, mara nyingi hasemi uongo. Programu inafanya kazi, tena vizuri, pale mezani. Tatizo ni kwamba mezani hakuna foleni, hakuna mtoto anayelia, na umeme haujakatika. Makala haya ni ya mwenye kliniki, maabara au maduka ya dawa, na ya mjumbe wa bodi anayeombwa kupitisha fedha: kitu kipya kimeletwa, utajuaje kama kimeleta nafuu?

Tuanze Nairobi. Penda Health, kampuni yenye kliniki za gharama nafuu jijini humo, ilishirikiana na OpenAI kuweka akili mnemba (au akili unde) ndani ya programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Tabibu anapoandika maelezo ya mgonjwa, mfumo unasoma kimyakimya na kuonyesha rangi. Kijani: endelea. Manjano: kuna jambo la kuangalia. Nyekundu: simama, soma onyo kwanza. Uamuzi unabaki kwa tabibu.

Toleo la kwanza halikuwa hivyo. Tabibu alitakiwa kuuomba mfumo msaada mwenyewe. Fikiria kidogo utaona kasoro: anayekosea huwa hajui kwamba anakosea, sasa ataomba msaada kwa lipi? Ndiyo maana ukaundwa upya ili uangalie kila mgonjwa bila kuitwa.

Mapema mwaka 2025 walifanya tathmini katika kliniki 15. Kwa bahati nasibu, baadhi ya matabibu walipewa mfumo na wengine wakaendelea bila ya huo. Ziara 39,849 za wagonjwa zilihusika, kisha sehemu ya mafaili ikasomwa na madaktari wa nje kutafuta makosa. Katika kundi lililotumia mfumo, makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13.

Lakini mimi kilichonivutia si asilimia hizo. Mwanzoni matabibu wengi waliona nyekundu wakaipita. Kampuni ikalazimika kufanya kazi ya pili, ngumu kuliko ya mafundi wa programu: kuteua wenzao wa kuwaelekeza kliniki kwa kliniki, kuangalia nani anaacha maonyo bila kuyashughulikia, na kupongeza wanaoyatumia. Taratibu maonyo yaliyopuuzwa yakapungua. Kwa hiyo ukiandika bajeti ya kitu kipya ukaweka bei ya leseni na kompyuta tu, umesahau nusu ya gharama. Nusu nyingine ni mshahara wa mtu atakayekaa na watumishi hadi wazoee.

Na kuna jambo ambalo msomaji makini hapaswi kuliruka. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutoweza kutegemewa kitakwimu. Makosa kwenye faili yamepungua, ndiyo. Kwamba watu wamepona zaidi, hilo halijathibitishwa. Isitoshe, kampuni iliyotengeneza akili mnemba hiyo ilikuwa mshiriki wa utafiti wenyewe. Hilo halifuti matokeo, ila linakupa sababu ya kutaka mtu mwingine ayarudie.

Sasa turudi kwako. Kabla kifaa hakijashushwa kwenye gari, andika hali ilivyo leo. Huhitaji mtafiti. Rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania), kitabu cha maabara na hesabu za dirisha la dawa vina mengi: wagonjwa wa presha wangapi walirudi kwa tarehe waliyopangiwa, vipimo vingapi vilirudiwa, dawa za thamani gani zilipitwa na muda. Chukua miezi kadhaa, usichukue mmoja. Ukipima mwezi wa mvua kubwa au wa Ramadhani peke yake, mwezi unaofuata utaonekana una maendeleo hata kama hukufanya lolote. Kama una matawi kadhaa, chagua kwa bahati nasibu tawi lipi lianze, mengine yasubiri. Ukianza na lile lenye mganga mfawidhi hodari kuliko wote, utakuwa unampima yeye.

Kisha linganisha, na usilinganishe na sifuri. Tuseme una wagonjwa 400 wa presha, na kila mwezi hurudi 160. Unanunua mfumo wa kutuma ujumbe wa simu, wanarudi 220. Mfumo pamoja na muda wa muuguzi unaousimamia unagharimu shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Hao 60 walioongezeka kila mmoja amekugharimu shilingi 20,000. Inaonekana sawa, mpaka mhasibu aulize: je, muuguzi yuleyule angepewa simu na daftari? Tuseme hilo lingegharimu 500,000 na kurudisha wagonjwa 50 zaidi. Ni shilingi 10,000 kwa mmoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini swali la mhasibu ni la kweli, na kwenye vikao vya bodi silisikii mara nyingi kama ninavyosikia neno "kidijitali".

Tofauti ya kupima kifaa na kupima huduma inaonekana vizuri kwenye ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018, DHL, watengenezaji wa ndege hizo Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria: kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, na jumla ya kilomita 2,200 zilizorushwa. Ni kazi ya kuvutia. Ila takwimu hizo zinaeleza habari za ndege. Rwanda, ambako kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kwa ndege za aina hiyo mwaka 2016 kutoka Muhanga, watafiti baadaye walichambua maagizo 12,733 ya vituo 20 na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Muda wa kufikisha damu ulipungua kwa asilimia 61 ukilinganishwa na barabara, na baada ya mwaka mmoja damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilikuwa pungufu kwa asilimia 67. Hiyo ya pili ndiyo ya kuitazama. Hospitali yenye uhakika kwamba damu italetwa haina haja ya kuirundika kwenye friji mpaka iharibike.

Vibali nitavitaja kwa haraka. Tanzania, vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na taarifa za wagonjwa zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Kenya, sheria ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019. Jaribio likigeuka utafiti juu ya wagonjwa, linahitaji kibali cha maadili. Mwuzaji akikuambia "hayo tutayashughulikia baadaye", mpe chai umsindikize.

Na usiogope kumwacha aende: woga wa kupitwa umeponza wakubwa kuliko wewe. Walgreens, kampuni ya maduka ya dawa ya Marekani, iliweka vituo vya Theranos, kampuni ya vipimo vya damu, madukani mwake kuanzia 2013, na mshauri wa maabara iliyemwajiri yenyewe alikuwa ameonyesha mashaka na kunyimwa nafasi ya kuiona maabara. Walihofia mshindani wao angewahi. Mkataba ulivunjwa 2016, wakati majibu ya vipimo vya wagonjwa yalikuwa yameshatolewa, na mengi yakafutwa.

Kwa hiyo andika kwenye mkataba, kabla ya saini, masharti ya kuacha: ni tarakimu gani ikikosekana baada ya miezi sita kifaa kinarudishwa, na rekodi za wagonjwa zitakabidhiwa kwako katika muundo upi. Mteue pia mtu wa kuleta tarakimu hizo kikaoni, na asiwe yule aliyeleta wazo la kununua. Huyo ataleta picha za uzinduzi.