Kuotesha Miti ya Krismasi kwa Kuuza

Katika nyanda za juu za Kenya watu wengi hupamba msaipresi wakati wa Krismasi. Asili ya mti huu ni Meksiko, lakini umeizoea sana baridi ya huku, nao hupandwa kwa wingi kwa ajili ya mbao. Mkulima ajue, hata hivyo, kwamba mti wa mbao na mti wa Krismasi haitunzwi kwa njia moja. Mwenye kutaka mbao hukata matawi ya chini ili shina liwe safi. Mwenye kutaka mti wa Krismasi asiyaguse, maana ndiyo yanayoupa umbo.

Robo ekari yatosha kuanzia. Ukipanda kwa nafasi ya futi 5 kila upande, itachukua zaidi ya miche 400. Lakini usiipande yote mwaka mmoja. Gawanya shamba mafungu 3, upande fungu moja kila mwaka mvua ndefu zianzapo. Penye ardhi nzuri mti hufikia kimo cha mtu kwa miaka 2 au 3, kisha upesi huwa mkubwa mno kuingia nyumbani. Apandaye yote pamoja atakuwa na miti mingi Desemba moja, na Desemba ifuatayo hana kitu.

Palilia, kwani matawi ya chini yakifunikwa na magugu hufa. Zuia mbuzi. Mche wenye vilele viwili uachie kimoja. Kisha punguza ncha za matawi kwa mkasi mkali, mti uwe na umbo la paa la msonge. Kata penye majani mabichi tu. Ukifika penye kijiti kikavu, hapatachipua tena.

Angalia pia vidukari wa msaipresi, walioonekana Kenya mwaka 1990 wakaharibu nyua na misitu. Hunyonya utomvu hata matawi yakakauka. Ukiwaona, mwarifu afisa wa misitu mapema.

Hatari kubwa ni soko. Tarehe 26 Desemba mti uliokatwa ni kuni. Basi watafute wanunuzi tangu Oktoba: makanisa, shule, hoteli, maduka. Wachague miti ingali imesimama, watoe arubuni. Usikate mti usiolipiwa. Huo ukibaki shambani utakuwa nguzo, na baadaye mbao. Kabla ya kusafirisha, uliza ofisi ya misitu habari za kibali, kwa sababu askari njiani hawezi kujua kama mti umetoka shambani mwako au katika msitu wa serikali.