Picha ya Ukutani Kwenu: Namna ya Kuitunza

Kama saloni ya wazee wako hapa Sakania au kule Lubumbashi bado ina picha ya rangi iliyochorwa kwa mkono, Mamba Muntu (mwanamke-samaki) au Kolonie Belge (maisha ya enzi ya ukoloni wa Wabelgiji), usiitupe kwa kuwa kitambaa kimelegea.

Utauliza: ina faida gani? Miaka ya 1970 wafanyakazi wa Katanga walinunua picha hizi, nyingi zikiwa zimechorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakazitundika mahali pa kupokelea wageni ili zizushe mazungumzo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima kwa namna hiyo. Hata huko Ufaransa, mchoraji Chardin alichora maisha ya nyumbani: katika picha moja, mama anaandaa chakula, watoto wanasali kwanza. Mfalme Louis XV alipewa picha hiyo mwaka 1740, na leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre. Unaweza kuitazama bure kwenye tovuti ya jumba hilo; utalipia megabaiti tu. Ya kwenu nayo inastahili kutunzwa.

Uanzie wapi? Itoe kwenye ukuta unaopigwa na jua, maana jua hufifisha rangi. Iweke mbali na mbabula, kwa sababu ya moshi na masizi. Wakati wa mvua ukuta hunyonya maji, basi bandika vipande viwili vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite. Mara kwa mara angalia kama mchwa wameingia.

Vumbi je? Lifute polepole kwa brashi laini, kavu. Maji, sabuni na mafuta, hapana kabisa! Rangi ikibanduka, usiigundishe. Ilaze picha, uso ukiwa juu, umwite mtu anayeijua kazi hiyo. Ukilazimika kuiviringisha kwa safari, izungushe kwenye bomba pana, rangi ikiwa upande wa nje.

Gharama ya kuanzia ni ndogo: brashi, vipande vya mbao, penseli, karatasi na bahasha. Penseli ya nini? Hapa ndipo wengi tunapoteza mali yetu. Kaa na bibi au babu, uliza: nani aliinunua, kwa mchoraji gani, mwaka gani, na watu hawa waliochorwa wanafanya nini? Andika kwenye karatasi, si juu ya kitambaa, uitie kwenye bahasha, kisha upige mchoro wenyewe picha kwa simu, mbele na nyuma.

Akija mnunuzi mwenye haraka, usikubali siku hiyohiyo. Kwanza nenda Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, uwaonyeshe wafanyakazi wa huko picha uliyopiga kwa simu na kuomba ushauri.